Ng'ombe wa Tangazo

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Muulize yeyote Kiganjo atakwambia Mama Mutahi hachelewi kufoka. Lakini Jumanne ile Mukami alipopotea sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na woga.

Mukami ni ng'ombe wangu, mtamba wa Friziani, na mimba yake ilikuwa ya kwanza. Kwa hesabu yangu alikuwa amebakiza siku tano au sita azae. Mama yake alikufa nikamlea yeye kwa chupa, nikiamka nayo asubuhi na kulala nayo jioni, na sina ng'ombe mwingine. Mvua ilinyesha mchana kutwa, ua ukaanguka upande wa mto, na nilipotoka na ndoo ya chakula nikakuta zizi tupu. Mtamba akizaa mara ya kwanza peke yake kwenye baridi, ndama akikwama hakuna wa kumvuta, wanakufa wote wawili. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumatano asubuhi akaja Shiku, binti wa kaka yangu, anayesoma chuo mjini Nyeri. Alinikuta nimevaa gambuti za mpira, nimetoka kuzunguka vichaka vyote vya mto, nimelowa hadi magotini.

"Tata, uko na picha yake?" akaniuliza. Shangazi kwetu ni tata.

Nilikuwa nayo moja tu, niliyoipiga mwenyewe mwezi wa saba wakati wa baridi kali. Mukami alikuwa na matope hadi tumboni. Nyuma yake kulikuwa na debe lililotoboka, kamba ya nguo, na nguo za ndani za mtu ambaye sitamtaja.

"Hiyo haiendi kwa watu," nikamwambia. "Watasema sijui kufuga."

"Usijali. Tutatumia AI. Ni ya bure, hata hailipishi kujiandikisha."

Huku kwetu ukisema AI watu hawafikirii akili bandia, wanamfikiria yule jamaa wa pikipiki anayekuja kupandikiza ng'ombe mbegu, na glovu yake ndefu hadi begani. Nikamwambia Shiku huyo alishakuja mwaka jana, na kazi yake ndiyo hiyo imepotea. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua simu yangu, akaandika maneno matatu manne: ondoa matope, ondoa vitu vya nyuma, fanya ng'ombe apendeze. Nikahesabu kimoyomoyo. Sikufika ishirini, picha mpya ikatokea.

Ngai! Mukami alikuwa amesimama kwenye nyasi fupi za kijani, mlima uko nyuma yake na theluji juu, miguu yote minne imevaa soksi nyeupe, na kwenye paji la uso ana nyota. Kiwele kilikuwa kimejaa. Hata ile pembe yake moja inayoinama kuelekea jicho haikuwepo, wala ile fupi.

"Huyu ana masikio mazima," nikasema. Sikio la kushoto la Mukami lilichanwa na seng'enge akiwa ndama.

"Aa, imerekebisha yenyewe. Nirudie?"

Hapo ndipo nilipokosea, tena nilikosea nikijua. Nilimtazama yule ng'ombe, alikuwa amependeza kweli. Nikawafikiria akina mama wa kanisa. Nikamfikiria Wamae wa kituo cha maziwa, ambaye kila nikipeleka maziwa enzi za mama yake Mukami alikuwa ananiuliza kama nafuga ng'ombe au kiboko. Ukimpeleka mtoto kupigwa picha si unampaka mafuta kwanza? Nikasema, "Wacha hivyo hivyo. Watu watajua tu ni yeye."

Shiku akabandika maandishi mekundu juu, NG'OMBE AMEPOTEA, na nambari yangu ya simu chini. Tangazo likawa tayari kabla chai haijachemka. Lakini mimi kuna kitu kilikuwa kinaniwasha.

"Atiriri, hebu niambie, Shiku. Pale chini ya matope, imejuaje miguu ni myeupe?"

"Haijui, Tata. Inakisia. Imeonyeshwa picha nyingi za ng'ombe wa dunia nzima, basi ikikosa kitu inajaza na kile imezoea kuona."

"Kwa hivyo inasema uongo?"

"Si uongo. Inakisia."

"Na mimi nikikisia mbele ya chifu, ataniandika nimekisia?"

Nikamnyang'anya simu. Nilitaka kuona inakisia nini kingine. Nikaiambia ichore jikoni mwangu, jiko la mama wa Nyeri. Ikachora nyumba ya udongo na mama amefunga kilemba, anatwanga kwenye kinu. Kinu mimi sina, na jiko langu ni la gesi. Nikaiambia itunge wimbo wa ng'ombe aliyepotea anaitwa Mukami, na sekunde chache baadaye mwanamume ambaye hayuko popote alianza kuimba kwa gitaa, akimwita Mukami arudi nyumbani kabla ya giza. Sitadanganya, nilitokwa na machozi. Shiku akabonyeza kitu kingine, na yule Mukami wa picha akageuza kichwa, akanitazama, akapepesa macho mara mbili.

Nikaiweka simu mezani taratibu. Mnyama yule hakuwahi kuzaliwa, na alikuwa ananitazama.

"Na yote haya ni bure?" nikauliza.

"Bure kabisa."

Kufikia saa sita tangazo lilikuwa limeenda kwa grupu la kanisa, la chama chetu cha akiba, la wafugaji, na jingine la Shiku ambalo sijui ni la nini. Wamae akalichapisha moja akalibandika kwenye mlango wa kituo cha maziwa. Akanipigia simu mwenyewe. "Mama Mutahi, kumbe ulikuwa unatuficha! Ng'ombe wa namna hii alikuwa kwa lile zizi lako?" Nilifurahi. Naona haya kusema, lakini ng'ombe wangu amepotea na mimi nilifurahi.

Alhamisi na Ijumaa simu ziliita kutwa. Mmoja alitaka kujua nauza bei gani. Mwingine wa Doldol, mchuuzi wa mifugo, aliniuliza mbegu ya huyo ng'ombe ilitoka wapi. Dada mmoja wa Mweiga alitaka tu kuniambia Mungu atamrudisha, ni ng'ombe mrembo sana. Hakuna hata mmoja aliyemwona. Mimi nilikuwa nazunguka mto na tochi na fimbo, nikiita, nikihesabu siku. Kufikia Ijumaa jioni zilikuwa zimebaki mbili au tatu, na mvua haikuwa imekatika.

Jumamosi asubuhi akanipigia mwanamume anaitwa Kinuthia, wa Chaka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kitu.

"Mama, ng'ombe wako ninaye! Ameingia kwa shamba langu la nyasi jana. Nimeshika simu hapa, namwangalia yeye, naangalia tangazo. Ni yeye mpaka soksi!"

Sikunywa chai. Mimi na Shiku tukapanda boda boda moja, tukafika Chaka nikiwa na matope mgongoni na furaha hadi kooni. Kinuthia alitupokea langoni na mkewe, Naliaka, mama mrefu mpole ambaye ni mwalimu wa shule moja huku Kiganjo. Wakatupeleka nyuma ya nyumba.

Alikuwepo. Miguu minne ya soksi nyeupe. Nyota kwenye paji la uso. Masikio mazima, kichwa bila pembe, kiwele kimejaa. Shiku akaziba mdomo kwa mkono. Akainua simu, akailinganisha, na hata mimi nikaangalia mara tatu. Yule ng'ombe ambaye hakuwahi kuzaliwa alikuwa amesimama Chaka, anakula nyasi.

"Imewezekanaje?" Shiku akanong'ona.

Nikakumbuka kalenda. Kila duka la dawa za mifugo huku kwetu lina kalenda ukutani, na kwenye kila kalenda kuna Friziani mmoja msafi, wa soksi na nyota. Simu ilikuwa imekisia ng'ombe wa kalenda, na kwa Kinuthia alikuwa ameingia ng'ombe wa kalenda. Wako wengi tu wa namna hiyo. Wa namna ya Mukami ndio wachache.

"Basi mfungue tu uende naye," Kinuthia akasema. "Mimi sitaki kitu. Ni chai tu tutakunywa kwanza."

Tukaingia, tukanywa chai. Sasa niseme ukweli, kwa sababu nikiuficha hadithi yote haina maana. Kwa muda wa kikombe kizima nilikuwa nimeamua kumchukua. Mtu mwenyewe amenipa. Tangazo linasema ni wangu, grupu nne zinasema ni wangu, Wamae angekula kiapo. Na alikuwa ng'ombe bora kuliko wangu, hilo kipofu angeliona. Mukami huenda alikuwa ameshakufa mahali fulani na ndama tumboni, na mimi nibaki bila kitu kwa nini? Nikamwaga chai ya mwisho kooni. Halafu nikamfikiria mtu fulani, sijui wapi, anazunguka vichaka na tochi, hana Shiku, hana tangazo, anamwita huyu.

"Si wangu," nikasema.

Kinuthia akacheka. "Mama, si wako vipi? Na picha?"

"Picha ni ya uongo. Nilimsafisha kwa simu. Huyu nikimchukua, kesho mwenyewe akija utamwambia nini?"

"Basi wako anafanana aje?" akaniuliza, sasa hacheki.

Hasira ikanipanda, na ilikuwa juu yangu mwenyewe. "Wangu ni mbaya! Ni mweusi tii, ana kiraka kimoja tu cheupe tumboni. Sikio la kushoto limechanika. Ana pembe moja imeinama karibu imtoboe jicho, nyingine fupi. Miguu ni ya matope tangu Januari. Ni mkaidi, na ana mimba kubwa, na mimi nilimwonea haya!"

Nilipomaliza nilikuwa nalia. Kinuthia akatazama kikombe chake. Lakini Naliaka alikuwa ameweka sinia chini.

"Pembe imeinama namna hii?" akaonyesha kwa kidole kwenye uso wake. "Mama, huyo si ndiye yuko kwa Mwalimu Mbuvi? Tunafundisha naye. Tangu Jumatano anatuambia kuna ng'ombe wa pembe iliyoinama aliingia kwake na mvua, na hajui ni wa nani."

"Anakaa wapi huyo Mbuvi?"

"Hapo hapo Kiganjo. Ng'ambo ya mto wenu."

Woi. Siku nne. Kutoka kwangu ukipiga kelele kwa nguvu wanakusikia ng'ambo ile. Shiku alikuwa ameshatoka nje, anampiga picha yule ng'ombe wa Chaka ili amtangaze mwenyewe apatikane, na safari hii alipiga tu kama alivyo, na kinyesi mkiani. Nikamwambia afanye haraka.

Mwalimu Mbuvi ni Mkamba, kijana wa miaka thelathini hivi, amepanga nyumba yenye uwanja mdogo. Alitufungulia lango akiwa na koleo la kuzolea kinyesi mkononi na macho ya mtu ambaye hakulala. Nikamwambia mimi ni nani na nimekuja kufanya nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu hakuondoka langoni.

"Mama, samahani sana," akasema. "Wewe si ndiye mwenye lile tangazo la kituo cha maziwa? Nililiona Alhamisi. Nikamwonea huruma mwenye ng'ombe mzuri hivyo. Huyu wangu, huyu aliyekuja, si yule."

"Ndiye. Picha ilirekebishwa."

"Hata mzee wa nyumba kumi nilimwita. Akasema huyu si wa Mama Mutahi, wa Mama Mutahi ni yule wa picha. Na juzi niliweka picha zote mbili kwa AI, nikauliza kama ni ng'ombe mmoja. Ikasema hapana, ni wawili tofauti."

"Simu yako inanijua mimi?"

"Haikujui. Lakini imesema kweli, ama siyo? Hawa ni ng'ombe wawili tofauti." Aliongea kwa upole, jambo ambalo lilinikera zaidi. "Mama, nikikupa, halafu kesho mwenyewe aje, nitamwambia nini?"

Nilitaka kumrukia, nikajizuia. Hayo maneno nilikuwa nimeyasema mwenyewe Chaka, saa moja haijapita. Shiku akajaribu kumtafutia ile picha ya kwanza, ya matope. Haikuwepo. Simu yangu ilikuwa imejaa, na yeye aliifuta picha hiyo Jumatano ili apate nafasi ya ile video ya kupepesa macho. Nilikuwa na wimbo, nilikuwa na video, nilikuwa na tangazo, na sikuwa na kitu hata kimoja cha kuonyesha kwamba Mukami ni wangu.

Ndipo nikasikia mguno kutoka nyuma ya nyumba.

"Ana nini?" nikauliza.

Uso wa Mbuvi ukabadilika. "Amelala tangu alfajiri. Hainuki. Tumemsukuma na majirani, tumemvuta, tumemwekea nyasi mbele. Nimempigia daktari wa mifugo, yuko Mweiga, amesema jioni."

Sikumwomba ruhusa. Nilimpita pale langoni na koleo lake. Nyuma ya nyumba Mukami alikuwa amelala ubavu, mgongo umeegemea ukuta mahali penye mteremko, shingo imenyooka chini, macho yameanza kupoteza nuru. Nyuma yake ncha za kwato mbili ndogo zilikuwa zimetokeza. Alikuwa anasukuma amelala vibaya, na hakuwa na nguvu tena.

Mtu mwingine angembembeleza. Mimi nilishikwa na woga, na nikishikwa na woga nafoka.

"Wewe mjinga wewe!" nikampigia kelele. "Umeacha zizi lako kuja kulala kwa watu! Nani alikufunza? Nimekutafuta mpaka kucha zimenitoka, na wewe umelala hapa kama bibi arusi! *Ukira!* Inuka, mvivu wewe, inuka nikuone!"

Sikio zima liligeuka. Kisha lile lililochanika. Akainua kichwa, akatoa sauti fupi ya chini puani, ile anayotoa kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni. Nikaendelea kumtukana, nikamtukana hadi mama yake, Mungu anisamehe. Akakunja miguu ya mbele, akajivuta kutoka ukutani, akainua matako kwanza, akayumba, akasimama.

Mbuvi alikuwa amesimama nyuma yangu, koleo limemtoka mkononi.

"Usisimame hapo," nikamwambia. "Lete kamba laini na maji ya sabuni. Akisukuma tunavuta, akipumzika tunapumzika. Vuta kuelekea chini, si nyuma."

Nilichunguza kwa mkono. Kwato zilikuwa zimeangalia chini, na pua ilikuwa juu yake, kwa hivyo alikuwa anakuja vizuri, ni mkubwa tu. Tukavuta, mimi na Mwalimu bega kwa bega, viatu vyake vya shule vikizama kwenye matope. Mara ya nne kichwa kikatoka, na mara ya tano ndama akateleza mwili mzima akatuangukia miguuni, na Mbuvi akaanguka naye. Ndama hakupumua. Nikamsafisha ute mdomoni, nikachukua unyasi nikamtekenya nao ndani ya pua, huku Shiku nyuma yangu akisali kwa sauti. Ndama akapiga chafya.

Alikuwa jike.

Mukami aligeuka akaanza kumlamba. Mbuvi alibaki amekaa chini kwenye matope, anajifuta uso kwa kiwiko. Akasema, "Mama, nilikuwa nakunyima ng'ombe wako."

"Ulikuwa sawa," nikamwambia. "Kwa ile picha, kama ungenipa mimi, ungeweza kumpa yeyote." Nikamwomba msamaha kwa kufoka, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwomba mtu hivyo.

Tuliwaacha kwake wapumzike. Jumapili tukarudi na wilbaro, ile toroli ya gurudumu moja. Tulimlaza ndama ndani juu ya gunia, Shiku akasukuma, na Mukami akafuata, pua yake ikigusa mgongo wa mwanawe. Kupita mto kwa njia ya mkato hakukuwezekana kwa wilbaro, kwa hivyo ilibidi tupitie Kiganjo yenyewe, saa sita hivi, kanisa ndio limetoka. Watu wote walikuwa nje, na suti, na vitambaa vya kichwa, na watoto wamepakwa mafuta. Mukami alikuwa na matope hadi tumboni na damu iliyokauka mkiani.

"Mama Mutahi," Wamae akaniita kutoka upande wa pili wa barabara. "Pole. Huyo ni wa nani? Yule wa tangazo hajapatikana?"

Nikamwambia ndiye huyu. Nikamwambia Shiku apunguze mwendo, tukapita katikati ya watu polepole, ili kila mmoja amwone vizuri.